Tunaopanda Kilimanjaro Desemba tujiandae kwa maji, si kwa baridi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie safari za kupanda Mlima Kilimanjaro ambazo kila mwaka, Desemba ikikaribia, hutangazwa hapa Dar es Salaam kwa ajili ya kuadhimisha Uhuru. Mwaka huu matangazo yameshaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya maofisini, ya kwaya na ya watu waliosoma pamoja, yakiwa na picha ya kilele chini ya anga safi, bei ya Mtanzania, tarehe ya basi na namba ya kupokelea malipo ya awali. Sina ugomvi na waandaaji. Kwa miaka mingi mlima huu tuliutazama kwenye kalenda za ukutani na kuwaachia wageni kazi ya kuupanda, na waandaaji hawa ni miongoni mwa walioanza kuibadilisha hali hiyo. Ninachokilalamikia ni kwamba safari hizi hupangwa kwa kalenda ya sherehe, na mtu anayelipia hapa mjini haambiwi kuwa tarehe aliyopewa itamkuta katikati ya mvua za vuli, ambazo kule juu hushuka kama theluji nzito yenye maji. Karibu kila kitu anachotakiwa kununua, kubeba na kuamua kinategemea jambo hilo moja.

Uzito wa tarehe yenyewe naufahamu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na kuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu. Kwa hiyo ninamwelewa kabisa kijana wa Kinondoni anayetamani kusimama palepale, siku ileile. Lakini Nyirenda alikuwa ofisa wa jeshi, na kuishi nje katika hali ngumu ilikuwa sehemu ya kazi yake. Wanaomfuata leo ni wahasibu, wauguzi, mafundi simu na walimu, watu wenye afya na moyo, ambao baridi kali kuliko zote waliyowahi kulala nayo ni ya kiyoyozi cha basi la usiku.

Wengi hudhani kwamba baridi ya Kilimanjaro ni ileile mwaka mzima. Kwa vipimo vya joto peke yake hawajakosea sana, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, hivyo siku ambayo sisi tunahema kwa nyuzi 31 pale Kariakoo, kilele chenye mita 5,895 huwa chini ya sifuri, na usiku wenye upepo hushuka nyuzi 10 na zaidi chini ya hapo. Kinachobadilika kati ya majira na majira ni unyevu. Januari na Februari, na tena kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, baridi ya mlimani huwa kavu kwa sehemu kubwa. Wakati wa masika na wakati wa vuli, mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi huupanda mteremko, hupoa na kumwaga maji. Asubuhi unaweza kuuona mlima wote ukiwa Moshi mjini; ikifika saa sita ukungu umeshaufunika, na alasiri mvua inanyesha msituni wakati huko juu ya mita 4,000 imeshageuka chembe za barafu na kisha theluji. Upande wa kusini, ziliko njia za Machame, Umbwe na Marangu, hupata maji mengi kuliko upande wa kaskazini iliko njia ya Rongai. Mtu atakayeingia lango la Machame mwanzoni mwa Desemba ili awe kileleni alfajiri ya tarehe 9 ajue basi kwamba huenda akaloa siku ya kwanza, kabla hata hajakutana na baridi yenyewe.

Na kuloa ndiyo habari yote. Maji huutoa mwili joto haraka takribani mara 25 kuliko hewa tulivu yenye nyuzi zilezile. Ndiyo maana mtu anaweza kufikia hatari ya kufa kwa baridi mahali ambapo hakuna kilichoganda, kwenye nyuzi 4 au 5 juu ya sifuri, akiwa ameloa, amechoka, hajala na upepo unavuma. Theluji kavu ya siku tulivu mtu huikung'uta begani ikaanguka. Theluji ya vuli hutua kwenye nguo, huyeyuka kwa joto la mwili wako mwenyewe, hupenya ndani, na usiku huganda ikiwa imo kwenye kitambaa. Aliyevaa vya kutosha kwa baridi ya Februari anaweza kuwa kama hajavaa kitu Desemba.

Nitaeleza nilichokiona katika safari ya namna hiyo, nikiwa na wafanyakazi wenzangu. Kati ya kambi za Barranco na Karanga mvua iligeuka theluji ya majimaji, na tulipoifikia kambi ya Barafu, iliyo karibu na mita 4,700, mwenzetu mmoja alikuwa na suruali ya jinzi, fulana mbili za pamba na jaketi la ngozi lililokunywa maji mpaka mikono yake ikawa haikunjiki. Alisimama mbele ya hema akihangaika na zipu. Vidole vilikuwa havishiki, akaivuta kwa meno. Njiani alikuwa akitetemeka na kulalamika, nasi tukawa tunamtania. Sasa alikuwa kimya, hatetemeki tena, na alipoulizwa hali alijibu kwa sauti nzito, kama ya mtu aliyelewa, kwamba yuko sawa, ameshazoea. Mwongozaji wetu, mzee mmoja wa Marangu, hakupendezwa hata kidogo na jibu hilo. Akamuuliza jina la mwanawe wa kwanza. Jibu lilichelewa. Hapohapo mzee akamwingiza hemani, akamvua kila kilicholoa mpaka soksi, akamvika nguo kavu zilizochangwa na wengine, akamtia kwenye begi la kulalia pamoja na chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi, moja kifuani na nyingine kwapani, na alipohakikisha kwamba anameza vizuri akamnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Kiongozi wa kundi letu, ambaye ndiye aliyekuwa na bango la ofisi, aliuliza kama mgonjwa ataweza kuondoka na wenzake saa sita usiku. Mzee hakumjibu, alikuwa anapanga nani atashuka na mgonjwa kukikucha.

Mwili wenye afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi. Likianza kushuka kuelekea 35, mtu hutetemeka kwa nguvu, vidole hupoteza ustadi, maneno hukokotwa na miguu hujikwaa. Akili nayo hupungua, na hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mgonjwa huwa wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado ameloa na yuko baridini, hiyo si nafuu: mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha. Wapo waliofikia kuvua nguo wakidai wanaona joto. Ugumu wa mlima wetu ni kwamba ugonjwa wa miinuko nao humfanya mtu ayumbe na kuchanganyikiwa, hivyo ukiwa kambi ya Barafu au ya Kibo, iliyo chini ya kilele, si rahisi kutambua kipi ni kipi. Waongozaji wazoefu hawapotezi muda kubishania jina la ugonjwa. Humkausha mtu, humpasha joto na kumteremsha, kwa kuwa kushuka mita mia kadhaa husaidia kwa vyote viwili. Ama pombe kali ya "kuchemsha damu", ambayo niliisikia ikishauriwa kwa kujiamini kabisa ndani ya basi, hutanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki.

Sasa nije kwenye mavazi, maana hapa ndipo fedha za watu wa Dar zinapopotea. Orodha zinazotumwa husema "nguo za baridi", na mtu huenda dukani akarudi na jaketi nene la kupendeza, suruali ya jinzi na fulana za pamba za kuvaa ndani. Pamba inatufaa hapa pwani kwa sababu hushika jasho na kuchelewa kukauka, ikatupoza. Mlimani sifa hiyohiyo ndiyo inayomponza mtu. Sufu hubakiza sehemu ya joto hata ikiloa, na poliesta hukauka haraka. Huhitaji kuwa na fedha za mtalii kuzipata. Soko la mitumba la Karume, pale Ilala, lina sweta za sufu ambazo watu hawazigombanii kwa joto hili la mjini, na muuzaji akiona umezigusa mara mbili atakuita mwenyewe kwa bei ya chini. Soma lebo iliyoshonwa shingoni au ubavuni. Ikisema pamba, iache hata iwe nene namna gani. Majaketi mepesi yaliyovimba, yenye manyoya ya bata ndani, ni mazuri mno yakiwa makavu na hayana kazi yakiloa, kwa hiyo yakae ndani ya begi mpaka utakapokuwa hemani, au yavaliwe chini ya koti la mvua. Koti la mvua lenyewe, pamoja na suruali yake, ndilo vazi linalostahili fedha kubwa kuliko mengine, nalo ndilo watu huliweka mwisho, mfuko ukiwa umeshakauka. Kabla ya kuondoka livae juu ya shati jepesi, usimame chini ya bomba la mvua la bafuni kwako kwa dakika kumi. Likivuja Tabata, litavuja na kambi ya Shira kule mlimani.

Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, wana kanuni moja ambayo kwangu inazidi thamani ya jaketi lolote: kuwe na nguo za kulalia, soksi zikiwemo, ambazo haziguswi na mvua wala hazivaliwi njiani, liwalo na liwe. Asubuhi mtu huvaa tena zile zilizoloa jana huku akisaga meno, akijua kwamba mwendo utazipasha, na jioni anakuwa na kitu kikavu cha kuingia nacho kwenye begi la kulalia. Anayeshindwa na uchungu wa dakika chache za asubuhi, akavaa zile kavu, jioni yake hana pa kukimbilia. Nguo hizo na begi la kulalia zifungwe katika mfuko usiopitisha maji ndani ya mzigo, kwa sababu kiroba cha sandarusi ambacho mizigo mingi hubebewa huingiza maji kwenye mishono, na mifuko laini ya plastiki tuliyozoea kuitegemea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019. Glovu ziwe jozi mbili, moja nyembamba ya ndani na nyingine isiyopitisha maji ya juu, kwa kuwa huwezi kufunga kamba za viatu ukiwa umevaa zile nene na huwezi kukaa mikono mitupu. Buti zisibane, soksi tatu ndani ya kiatu kidogo huzuia damu kufika kwenye vidole, na vidole visivyofikiwa na damu ndivyo vinavyoganda. Miwani ya jua watu wa pwani huisahau kabisa, ilhali theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayodhuru macho, na mtu anaweza kushuka akiwa haoni vizuri kwa siku nzima au zaidi. Chupa ya maji ilale kichwa chini, maana maji huanza kugandia juu. Ule mpira wa kunywea unaotoka begini huziba mapema sana usiku wa kileleni. Simu ikae kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili, kama unataka hiyo picha.

Kuna suala la siku, ambalo matangazo hulitaja kwa maandishi madogo. Safari ya bei nafuu kwa njia ya Marangu huwa ya siku tano: unalala kambi ya Mandara kwenye mita 2,700 hivi, ya Horombo mita 3,700, ya Kibo mita 4,700, na usiku uleule unaondoka kwenda kileleni. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa duniani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000. Ndiyo maana usiku wa pili Horombo una faida hata katika kiangazi, na wakati wa vuli faida yake ni maradufu, kwa kuwa unakupa pia nafasi ya kusubiri. Kundi lenye siku ya ziada likikuta theluji inaanguka jioni linaweza kulala, kukausha vitu na kujaribu kesho yake. Kundi la siku tano, ambalo limeahidi wafadhili kwamba bendera itapepea alfajiri ya tarehe 9, halina kesho. Ongeza kwamba wengi wao wamesafiri usiku kucha kutoka kituo cha Magufuli kule Mbezi, kilomita zaidi ya 500, wameshuka Moshi asubuhi wakiwa na usingizi kichwani, wamekodi vifaa harakaharaka bila kuvijaribu, na saa nane mchana wanaingia msituni na mvua.

Wenzetu wa mbali wenye theluji hawapangi hivi. Huko Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Pacific Crest Trail, inayotoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Kanada, kilomita takribani 4,265, na watu huitembea kwa miezi kama mitano wakiwa wamejibebea wenyewe hema, chakula na kila kitu. Wanaoelekea kaskazini huhesabu siku zao kwa kurudi nyuma kutoka tarehe moja tu, nayo ni wakati theluji ya kwanza inapotarajiwa kwenye milima ya jimbo la Washington. Hujitahidi wawe wameivuka ifikapo mwisho wa Septemba, na anayechelewa mara nyingi huiacha safari hata kama mpaka hauko mbali. Hao ni watu waliokwisha kutembea karibu nchi nzima. Sisi tunatembea kilomita 70 hivi, kwenda na kurudi, na mizigo mingi tumebebewa, lakini kurudi nyuma hatutaki kukusikia.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonisumbua zaidi, yaani nani mwenye neno la mwisho. Kisheria na kitaalamu ni mwongozaji mwenye leseni. Kwa hali halisi, kundi likitoka ofisini Dar huja na bosi wake, na bosi huyo ndiye atakayeamua kundi litoe bahshishi kiasi gani lango la kutokea. Mwongozaji anajua hivyo. Kwa hiyo badala ya kusema "leo haifai", husema "tutajaribu polepole", na watu huondoka saa sita usiku katika theluji inayoanguka. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa mapambo. Usiku kokoto za mteremko huwa zimeshikwa na baridi na hazitelezi sana, na anga mara nyingi hutulia kabla ya mapambazuko. Lakini hesabu hiyo ni ya siku ya kawaida. Theluji mpya ikifunika njia kati ya Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na kilele, au mteremko wa kupandia Stella Point, ukingoni hapohapo, mwendo unaweza kuwa mrefu kwa saa kadhaa, na kila saa inayoongezeka juu ya mita 5,500 ni saa ya kukaa na hewa yenye karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea. Ningependa kila kundi liandikiane na kampuni yake, kabla ya kulipa salio, kwamba uamuzi wa mwongozaji wa kumrudisha mtu mmoja au kundi zima haujadiliwi, na kwamba bahshishi italipwa ileile hata kama hakuna aliyefika juu.

Siwezi kuandika juu ya baridi ya mlimani nikawaacha wapagazi, kwa sababu wao ndio wanaoipata kwa wingi. Sisi tukiwa tunajikokota, wao wametupita na mzigo, ambao kwa kanuni za hifadhi usizidi kilo 20 ukiacha vitu vyao wenyewe, na wamefika kambini mapema kusimamisha hema wakiwa wameloa jasho na mvua. Jioni ile Barafu nilimwona mmoja akiwa amevaa raba zilizofunguka mbele, bila soksi, akikung'uta theluji juu ya hema letu kwa kipande cha ubao ili lisituangukie. Usiku walilala kwenye hema la kulia chakula, wengi kwa pamoja, juu ya turubai. Kampuni iliyotuchukua sitaitaja, na sidhani kama ilikuwa mbaya kuliko nyingine. Ilitupa tu bei tuliyoing'ang'ania. Tunapopatana bei mpaka mtu wa Moshi akubali kwa kuchoka, kinachokatwa ni ujira, chakula na hema la hawa vijana. Wapagazi wamewahi kufa kwa baridi katika mlima huu, wakiwa kwao, wakiujua kuliko sisi. Pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, ambao huwaazima majaketi, buti na nguo nyingine za mlimani bila malipo, na unafuatilia ni kampuni zipi zinawatendea haki. Kundi linaloweza kuchapisha fulana mia moja za rangi ya ofisi linaweza kuuliza kwa simu moja tu kama wapagazi wake wana viatu, na linaweza kuwapelekea hizo sweta za Karume.

Kuhusu mazoezi, nawapongeza wanaokimbia Coco Beach na kuvuka daraja la Tanzanite alfajiri, maana mapafu na miguu vinahitaji hivyo. Ila mbio za ufukweni hazimfundishi mtu kuishi na unyevu. Novemba hii, siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetabiri mvua, nendeni milima ya Pugu na mabegi yenu kamili, mtembee kutwa chini ya mvua bila kujificha, kisha jioni mfungue mabegi na kuangalia nini kimeloa. Baridi haitakuwapo, lakini maji ni yaleyale. Wenye nafasi waende Lushoto au Uluguru wakalale kwenye hema mwishoni mwa juma lenye mvua. Na mwenzetu aliyekulia Makete au Njombe, ambaye anajua umande ulioganda juu ya majani ni kitu gani, apewe nafasi ya kuwakagua wengine, badala ya kufanywa mtu wa kutaniwa kwa ushamba wa sweta.

Wapo watakaosema kwamba nataka Desemba 9 ifutwe mlimani. Sitaki hivyo. Ningekuwa mwandaaji, ningefanya sherehe ya tarehe hiyo Mandara au Horombo, ambako kundi kubwa linaweza kufika, kuimba na kushuka salama hata mvua ikinyesha, kisha safari ya kileleni ningeiweka mwishoni mwa Januari au Februari, mwezi ambao theluji iliyoangukia juu huwa imetulia na asubuhi anga huwa safi. Anayeshikilia Desemba kwa sababu zake, basi auze safari ya siku saba badala ya tano, aandike kwenye tangazo kwamba ni msimu wa mvua na theluji, akatae kumpandisha mtu asiye na koti na suruali ya mvua, na akubali kwamba bei itapanda na wateja watapungua. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro nayo ingeweza kutusaidia kwa kuwataka waongozaji wakague mizigo ya wageni wa ndani langoni katika miezi ya mvua, jambo ambalo halihitaji zaidi ya dakika chache kwa kila begi.

Mwisho, ninaliomba gazeti lako. Mwandishi wako atakayetumwa lango la Marangu au la Mweka kuwapokea wanaoshuka, baada ya kumaliza na wenye bango, awatafute pia walioishia Horombo na Barafu, awaulize walikuwa wamevaa nini, walipangiwa siku ngapi, na ni nani aliyeamua warudi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam